Oksijeni, Dawa na Vifaa vya Tiba Ndani ya Ndege: Kipi Uchague kwa Safari Yako

Msafiri mwenye maradhi ya mapafu, ya moyo au ya kisukari hukabiliwa na machaguo mengi kabla ya kupanda ndege, na maelezo anayopewa mara nyingi huchukulia kwamba safari huanza ndege inapopaa na kuisha inapotua. Ulinganisho huu unafuata kigezo tofauti. Kwa kila njia tutauliza ni kipande gani cha safari, kati ya mlango wa nyumbani na mlango wa kule uendako, kinabaki bila mtu mwenye dhamana nacho isipokuwa wewe mwenyewe. Njia mbili zinaweza kuwa sawa kabisa angani, lakini moja ikakuacha bila msaada kwa saa tano katika kiwanja cha kuunganishia ndege.

Je, oksijeni inahitajika kweli?

Hewa ndani ya ndege ya abiria haishikiliwi katika shinikizo la usawa wa bahari. Kwa kawaida shinikizo hushushwa hadi kukaribia lile la mlima wenye kimo cha futi 8,000, yaani mita 2,440 hivi, na kiasi cha oksijeni kinachofika mapafuni wakati huo ni sawa na kuvuta, ukiwa pwani, hewa yenye oksijeni asilimia 15 badala ya 21. Mtu mzima wa afya hupungukiwa pointi kadhaa kwenye kipimo cha kidoleni, kile kinachoonyesha asilimia ya oksijeni katika damu, wala hahisi lolote. Mtu ambaye hata akiwa nyumbani amekaa kitini kipimo chake ni 92 hana akiba hiyo, na kutembea tu hadi msalani kunaweza kumshusha vibaya.

Ndege za aina ya Boeing 787 na Airbus A350 hushikilia shinikizo linalolingana na futi 6,000 hivi, ambazo ni karibu mita 1,830, na nafuu hiyo ni ya kweli kwa mgonjwa wa mapafu. Ikiwa safari mbili zinafanana kwa kila kitu isipokuwa aina ya ndege, hiyo ni sababu ya kutosha kuchagua moja na kuacha nyingine. Hata hivyo, mashirika hubadilisha ndege dakika za mwisho bila kumuuliza abiria, kwa hiyo aina ya ndege ihesabiwe kuwa nyongeza tu, na isichukue nafasi ya oksijeni ambayo daktari amesema unaihitaji.

Kuna njia tatu za kujua unapoangukia. Ya kwanza ni kipimo cha kidoleni ukiwa umekaa, ambacho ni rahisi na hupatikana kila mahali, lakini hakitabiri vizuri hali yako ya angani: watu wawili wenye 94 ardhini wanaweza kuachana sana wakifika juu. Ya pili ni kupimwa ukiwa unatembea, ambayo hufichua mengi zaidi kwa sababu huonyesha mapafu yanavyofanya kazi yakidaiwa. Ya tatu ni kipimo cha hospitali ambapo mgonjwa huvuta hewa yenye oksijeni asilimia 15 kwa dakika 20 hivi huku akiangaliwa. Katika miongozo ya Uingereza, kipimo cha kidoleni kikishuka chini ya asilimia 85 wakati huo, mgonjwa hushauriwa kusafiri na oksijeni, mara nyingi lita 2 kwa dakika kupitia mrija wa puani. Kwa maoni yangu, yeyote ambaye daktari wake anasitasita kati ya ndiyo na hapana afanye kipimo hiki cha tatu kama kinapatikana. Anayetumia oksijeni nyumbani tayari hana haja ya kuuliza kama ataihitaji ndani ya ndege. Swali lake kwa daktari ni kiasi gani kiongezwe juu ya kile alichozoea.

Jambo moja halina cha kulinganisha: mtu ambaye pafu lake limewahi kupasuka na hewa ikabaki kifuani asipande ndege mpaka picha ya eksirei ithibitishe kwamba limepona na daktari amempa ruhusa. Hewa iliyonaswa mwilini hutanuka shinikizo linaposhuka, na oksijeni ya mtungi haiwezi kulizuia hilo.

Njia nne za kupata oksijeni

Watu wengi hufikiria kwanza mtungi wao wa nyumbani, na hapo ndipo hukwama. Kanuni za kimataifa za bidhaa hatari huruhusu mitungi midogo ya oksijeni ya tiba, kila mmoja usiozidi kilo 5 kwa uzito wote, ikiwa shirika la ndege limeridhia. Ruhusa hiyo ya shirika ndiyo ngumu kupatikana, na nchini Marekani abiria haruhusiwi kabisa kuingia na mtungi wake wenye gesi. Oksijeni ya kimiminika ya mgonjwa mwenyewe imekatazwa kila mahali katika usafiri wa ndege za abiria. Ukali huu una historia. Mwezi Mei 1996 ndege ya ValuJet ilianguka Florida baada ya moto uliochochewa na vizalishi vya oksijeni vya kikemikali vilivyopakiwa chini kama mzigo, na watu wote 110 waliokuwemo walikufa. Vifaa vile havikuwa vya mgonjwa yeyote, lakini baada ya ajali hiyo hakuna mdhibiti anayechukulia oksijeni kuwa mzigo wa kawaida. Mtungi wako, basi, una faida moja kubwa ya kutohitaji umeme, na udhaifu unaozidi faida hiyo: unaweza kukataliwa kaunta hata kama simu ya wiki iliyopita ilikuahidi vingine. Mimi ningeuacha nyumbani.

Njia ya pili ni oksijeni inayotolewa na shirika la ndege lenyewe. Mashirika kadhaa ya safari ndefu huitoa kwa mitungi yao, mengine bure na mengine kwa malipo ya kila kipande cha safari, mara nyingi kwa chaguo la lita 2 au lita 4 kwa dakika. Mengi ya Marekani yameacha huduma hiyo, na sheria ya huko haiyalazimishi kuitoa. Uzuri wa njia hii ni kwamba abiria habebi kitu, hahesabu betri, na mtiririko ni wa mfululizo, ambao hufaa anayelala au anayepumulia mdomo. Ubaya wake uko kwenye mlango wa ndege. Mtungi wa shirika haushuki na abiria. Kuanzia hapo hadi ndege inayofuata, kupitia foleni ya uhamiaji, basi la uwanjani na saa za kusubiri, hakuna mwenye wajibu wa kukupa oksijeni isipokuwa umepanga mwenyewe na kampuni nyingine. Kwa mtu anayeihitaji angani tu, na ambaye ardhini yuko sawa, hili si tatizo hata kidogo, na kwake oksijeni ya shirika ndiyo chaguo bora. Kwa anayeitumia saa zote, njia hii ifikiriwe kwa safari ya moja kwa moja tu.

Hapa niseme jambo ambalo huwachanganya wengi. Vinyago vinavyodondoka kutoka darini vimewekwa kwa ajili ya dharura ya shinikizo, na kwa kawaida hutoa oksijeni kwa dakika 12 hadi 15 hivi, muda wa kumtosha rubani kushusha ndege. Mitungi michache iliyopo kwa wahudumu ni ya huduma ya kwanza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuingizwa katika mpango wa mgonjwa.

Njia ya tatu na ya nne ni konsentreta, mashine inayovuta hewa ya kawaida, kuichuja naitrojeni na kumpa mgonjwa oksijeni ya asilimia 90 hivi. Kwa kuwa haina gesi iliyoshindiliwa ndani yake, huruhusiwa kwa kanuni, si kwa huruma: Marekani inayalazimisha mashirika kuipokea ikiwa inakidhi vigezo, na tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2016 mashine zinazokidhi huwekwa lebo ya maandishi mekundu inayosema hivyo. Mashirika mengi ya nchi nyingine hutazama lebo hiyohiyo. Kabla ya kununua au kukodi mashine, itafute lebo hiyo kwenye mwili wake kwa macho yako, usitegemee maneno ya muuzaji.

Konsentreta ni za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko matangazo yanavyoonyesha. Zile ndogo, zenye uzito wa kilo 2 hadi 3, hutoa oksijeni kwa mikupuo: mashine husikiliza pua, na unapoanza kuvuta pumzi hukupulizia kiasi kidogo, kisha hunyamaza mpaka pumzi inayofuata. Namba iliyo kwenye kitufe chake, tuseme 2, haimaanishi lita 2 kwa dakika. Ni ngazi tu ya mtengenezaji huyo, na ngazi 2 ya mashine moja inaweza kutofautiana na ngazi 2 ya nyingine. Mgonjwa aliyeandikiwa lita 2 za mfululizo akahamia ngazi 2 ya mikupuo bila kupimwa huenda anapata pungufu. Usiku tatizo huongezeka. Kichwa kinapoinamia begani, mdomo ukafunguka na pumzi ikawa fupi, mashine haisikii tena kitu puani, na baada ya muda mfupi hupiga king'ora ambacho humwamsha jirani kabla ya mwenyewe.

Zile kubwa, zenye uzito wa kilo 4 hadi 9 hivi, zinaweza kutoa mfululizo, kwa kawaida hadi lita 2 au 3 kwa dakika. Zinafaa kwa usingizi na kwa wanaopumulia mdomo, lakini hula betri upesi na ni mzigo wa kweli kwa mtu ambaye kuishiwa pumzi ndiyo sababu ya safari yake yote kupangwa hivi. Anayehitaji lita 4 za mfululizo hatapata mashine ya kubeba inayomtosha, na afadhali arudi kwenye oksijeni ya shirika au aahirishe safari.

Kati ya mikupuo na mfululizo, uamuzi usifanywe dukani. Uvae mashine nyumbani, utembee ngazi, ulale nayo usiku mzima ukiwa na kipimo kidoleni, na daktari aone matokeo. Ikiwa mikupuo inakushikilia vizuri hata usingizini, chukua mashine ndogo, kwa sababu itakusindikiza kutoka kitandani hadi hotelini. Ikiwa inakushikilia ukiwa macho tu, bado inafaa kwa safari ya mchana ya saa chache, lakini si kwa ndege ya usiku.

Kununua au kukodi? Anayesafiri mara moja kwa mwaka ana sababu nyingi za kukodi, ikiwemo kwamba betri huzeeka hata zikikaa kabatini. Anayekodi akumbuke tu kwamba mashine ya kukodi nayo inahitaji siku chache za kuzoeana nayo, na kuipokea usiku wa kuamkia safari ni kujitafutia matatizo.

Betri ndizo zinazoamua

Hesabu ya betri ndipo mipango mingi huvunjika, kwa hiyo tuifanye taratibu. Sheria ya Marekani inaliruhusu shirika kudai betri zinazotosha asilimia 150 ya muda wa juu unaotarajiwa wa safari ya angani, na mashirika mengi kwingineko yana dai linalofanana na hilo. Chukua ndege ya saa 9. Asilimia 150 yake ni saa 13 na nusu. Kitabu cha mashine kinasema betri moja hudumu saa 4 kwenye ngazi 2. Betri tatu ni saa 12, hazitoshi, kwa hiyo unahitaji nne. Sasa ikiwa daktari amesema upande hadi ngazi 3 ukiwa angani, na kwenye ngazi hiyo betri hudumu saa 2 na nusu, betri nne zinatoa saa 10 tu na utahitaji sita. Mtu aliyekadiria kwa ngazi ya nyumbani atashangazwa kaunta, na mhudumu aliye mbele yake hana mamlaka ya kumhurumia.

Kisha kuna kanuni ya betri zenyewe. Betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 (kipimo cha nishati iliyomo ndani yake) hubebwa bila ruhusa maalumu. Ile iliyo kati ya wati-saa 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika, na za akiba za ukubwa huo haziruhusiwi kuzidi mbili kwa mtu. Zote za akiba huwekwa katika mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa zisigusane na chuma, na kamwe haziendi kwenye mzigo wa chini. Matokeo yake ni kwamba mashine kubwa ya mfululizo inayotumia betri zaidi ya wati-saa 100 inaweza kushindwa kisheria kumaliza safari ndefu, kwa sababu betri moja ndani yake na mbili za akiba hazifiki asilimia 150. Kabla ya kukodi mashine kubwa, soma wati-saa zilizochapishwa kwenye betri yake.

Soketi iliyo kwenye kiti haihesabiwi. Inaweza kuwa dhaifu, inaweza kuzimwa wakati wa kupaa na kutua, inaweza kuwa imeharibika. Ikifanya kazi ni bahati njema, na hiyo tu.

Tiketi za kuunganisha huongeza saa ambazo hazimo katika asilimia 150 inayotazamwa na shirika, na hizo uzihesabu mwenyewe. Safari ya moja kwa moja ya saa 11 mara nyingi huwa nyepesi kwa mgonjwa kuliko mbili za saa 5 zenye kusubiri saa 6 katikati, hata kama uwanja wa katikati una soketi za kuchajia, kwani soketi hizo huwa na wenyewe waliotangulia. Kwa upande mwingine, mtu ambaye betri zake haziwezi kufikia saa 16 na nusu zinazodaiwa kwa ndege ile ndefu hana budi kugawa safari, na kwake kituo cha katikati chenye hoteli na usiku mzima wa kuchaji ndicho kinachofaa.

Kuhusu kiti, anayetumia konsentreta hapewi safu ya mlango wa dharura. Dirishani ni pazuri zaidi kuliko njiani, kwa kuwa mrija haumzuii mtu kutoka, na mashine ikae chini ya kiti cha mbele huku tundu lake la kuvutia hewa likiwa halijazibwa na blanketi.

CPAP na nebulaiza

Kwa anayetumia CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago usiku, kwa sababu pumzi zake hukatika usingizini, swali ni moja tu: aitumie ndani ya ndege au aivushe tu hadi aendako. Ndege ya mchana anaweza kukaa macho na kuiacha mfukoni. Ndege ya usiku inahitaji betri yake, kwa hesabu ileile ya hapo juu, na taarifa kwa shirika mapema. Katika hali zote mbili ipande nawe badala ya kwenda chini, na chombo chake cha maji kimwagwe kabla ya ukaguzi. Marekani haihesabu kifaa kama hiki katika idadi ya mizigo ya mkononi, na kanuni namba 1107 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inataka vifaa vya tiba vya abiria wenye mahitaji maalumu visafirishwe bila malipo.

Nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta, si lazima kwa wengi. Bomba la kupulizia lenye chemba ya plastiki humpa mgonjwa wa pumu dawa ileile kwa namna inayofanya kazi vizuri, bila betri wala kelele, na kwa safari ningelichagua hilo mradi daktari amekubali na mgonjwa anajua kulitumia.

Dawa: mkononi, chini, au kwenye barafu

Kati ya kuweka dawa mkononi na kuziweka kwenye mzigo wa chini hakuna mashindano. Mzigo wa chini hupotea, huchelewa, na unaweza kupata baridi kali. Wengine hushauri kugawa dawa nusu kwa nusu ili kujikinga na wizi wa mkoba. Ushauri huo una mantiki kwa vidonge visivyojali joto, ukisafiri na mwenzako, na katika hali hiyo nusu ya pili iwe kwenye mkoba wa mwenzako, si tumboni mwa ndege. Kipimajoto cha zebaki ndicho kifaa cha tiba ambacho mwelekeo wake ni wa kinyume: kimoja kidogo, ndani ya ganda lake, huenda chini.

Kikomo cha mililita 100 kwa vimiminika, kilichoenea baada ya njama iliyogunduliwa Uingereza mwezi Agosti 2006, hakizihusu dawa unazozihitaji safarini. Dawa ya maji ya mililita 300 hupita, lakini iitoe mkobani na kuitaja kabla hujaulizwa, ikiwa katika chupa yake yenye lebo ya famasia. Sindano nazo hupita zikiwa pamoja na dawa inayodungwa kwazo.

Dawa za baridi, kama insulini na baadhi ya sindano za baridi yabisi, zinataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi kabla ya kuanza kutumika. Hapa kuna machaguo manne, na yasiyofaa ndiyo yanayovutia zaidi.

Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, huruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa mtu, kwa kibali cha shirika na katika chombo kinachotoa hewa. Lakini ubaridi wake ni karibu nyuzi 78 chini ya sifuri, na insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Barafu hii ni ya vitu vinavyotakiwa kuganda, kwa hiyo iondoe kwenye orodha.

Jokofu la wahudumu wa ndege huonekana kama jibu rahisi. Mashirika mengi hukataa, na yanayokubali hayawajibiki na nyuzi za jokofu hilo. Zaidi ya hayo dawa imetoka mikononi mwako, na abiria aliyechoka hushuka na kuiacha.

Chupa ya chai ya kutunza joto, au mkoba wenye vifuko vya jeli iliyogandishwa, hudumu saa nyingi na ndiyo njia ya kawaida kwa safari ndefu. Hatari yake ni dawa kugusana na jeli. Ifunge dawa kwa kitambaa kwanza, na ikiwezekana weka kipimajoto kidogo ndani ili ujue badala ya kukisia. Ukaguzi unaweza kuuliza kuhusu jeli iliyoanza kuyeyuka, na hapo ndipo barua ya daktari hufanya kazi yake.

Mfuko wa kuloweka, wenye chembe zinazonyonya maji na kupoza kwa mvuke, haufikishi ubaridi wa jokofu. Huzuia dawa isipande sana, nayo insulini iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida huvumilia joto la chumba kwa wiki nne hivi, kadiri karatasi ya dawa yenyewe inavyosema. Ndani ya ndege hewa ni kavu, kwa hiyo mfuko huu hufanya kazi vizuri huko. Kwenye mji wa pwani wenye unyevu mwingi hufanya kazi vibaya, na ukiufungia ndani ya plastiki haufanyi kazi kabisa. Kwa kalamu ya insulini unayoitumia sasa, mfuko wa kuloweka unatosha. Kwa akiba ya mwezi mzima, chukua jeli.

Pampu ya insulini au kalamu

Pampu, kifaa kinachovaliwa na kuingiza insulini mwilini kidogo kidogo kupitia mrija, huleta maswali ambayo kalamu ya kujidunga haina. Watengenezaji kadhaa wa pampu na vihisi vya sukari hukataza kupitisha vifaa vyao kwenye mashine ya eksirei ya mizigo au kwenye mashine ya kumulika mwili mzima. Mwenye kifaa cha namna hiyo aombe kupekuliwa kwa mikono, jambo ambalo ni haki yake katika viwanja vingi ingawa huchukua muda. Pili, shinikizo linaposhuka ndege ikipaa, viputo vya hewa huweza kujitokeza ndani ya mrija na kusukuma insulini kidogo ambayo haikuagizwa. Kwa mtu mzima kiasi hicho mara nyingi ni kidogo. Kwa mtoto mdogo anayetumia dozi ndogo sana kinaweza kushusha sukari. Baadhi ya wataalamu hushauri kuchomoa pampu wakati wa kupaa, kutoa viputo ndege ikishatulia juu, kisha kuichomeka tena.

Je, hiyo ni sababu ya kurudi kwenye kalamu kwa ajili ya safari? Sidhani, kwa mtu aliyezoea pampu. Kubadilisha utaratibu wa dozi katikati ya kubadilisha majira ya saa ni hatari kubwa kuliko viputo. Lakini kalamu ziwepo mkobani, pamoja na maandishi ya dozi zake, kwa kuwa pampu iliyokufa angani haina fundi.

Mwenye betri ya moyo kifuani, ile ya kurekebisha mapigo, ana kazi nyepesi: aonyeshe kadi yake, apite kwenye lango la kukagua chuma bila kusimama ndani yake, na aombe kifaa cha mkono kisishikiliwe juu ya betri hiyo.

Karatasi

Kuna fomu mbili za mashirika ya ndege ambazo huchanganywa. MEDIF hujazwa na daktari kwa safari moja, na humfaa anayehitaji oksijeni, aliyetoka upasuaji au ambaye hali yake inabadilika. FREMEC ni kadi ya mtu mwenye hali ya kudumu isiyobadilika, anayesafiri mara kwa mara, naye haijazi upya kila tiketi. Kwa oksijeni mashirika mengi hutaka taarifa saa 48 kabla au zaidi, na kama tiketi yako ina mashirika mawili, kibali cha la kwanza hakimfungi la pili, hata kama tiketi ilinunuliwa mahali pamoja.

Kwa dawa, barua ya daktari, nakala ya cheti cha dawa na boksi lenye lebo vinatosha kwa dawa nyingi za shinikizo la damu, sukari na pumu. Havitoshi kwa dawa zinazodhibitiwa, yaani dawa kali za maumivu, za usingizi na za kusisimua ubongo. Japani hairuhusu amfetamini hata ukiwa na barua ya daktari. Falme za Kiarabu hutaka kibali cha serikali mapema kwa dawa zinazodhibitiwa, na kodeini na tramadoli zimewatia wasafiri matatani katika nchi zaidi ya moja. Mkazi wa nchi ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, anayekwenda nchi nyingine ya Schengen hupata cheti maalumu kinachofaa kwa siku 30. Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, INCB, huchapisha kanuni za nchi moja moja, na ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kuuandikia ubalozi.

Ikiwa dawa yako ni ya kundi hilo, ulinganishe pia njia za kupita. Tiketi ya bei nafuu inayopitia nchi yenye sheria kali, ambako unatakiwa kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, inakuingiza chini ya sheria za nchi hiyo kama mgeni mwingine yeyote. Wakati mwingine daktari anaweza kukubadilishia dawa isiyodhibitiwa kwa muda wa safari, lakini mabadiliko hayo yafanywe wiki kadhaa mapema, ili madhara yake yajitokeze ukiwa bado nyumbani. Nchi nyingi pia huruhusu kiasi cha siku 30 tu, kwa hiyo anayekaa miezi mitatu aulize mapema kama kibali chake kinaweza kuzidi hapo au kama atalazimika kuandikiwa dawa na daktari wa huko, na ahakikishe barua yake ina tarehe itakayokuwa bado hai siku ya kurudi.